Thole: Neno Tulilolichukua Mirdif

Dada yangu Mwanaidi,

Barua hii naiandika wazi, mbele za watu, kwa sababu zile za siri umezisoma ukanyamaza. Tiki mbili za bluu nimeziona. Nimeziona Idi hii na Idi ile, na nimeziona siku niliyokuomba uniambie tu kama umemaliza dawa. Sasa nimeamua kuandika mahali ambapo jirani yako ataisoma, na shangazi atasomewa, na mmoja wao atakuja barazani kwako akuulize, "Mwanaidi, umeiona ya mdogo wako?" Kasirika ukitaka. Angalau utakuwa umekasirika kwa sauti.

Nataka tuzungumze juu ya neno moja. Si langu wala si lako, ni la Bibi Mskoti, lakini ni wewe uliyelileta kwetu na ni mimi niliyelisikia mara ya mwisho kinywani mwako. Kwa hiyo naanza huko nyuma, hata yale unayoyajua, maana wanaosoma pamoja nawe hawayajui.

Wewe ulikuwa umeshakaa mwaka mzima kwenye ile villa ya Mirdif, Dubai, ukipika na kufua na kuwasindikiza watoto wawili wa madam kwenye basi la shule, pale madam alipomleta mama yake kutoka Skotlandi. Bi kizee alikuwa amevunjika nyonga na kwao hakuwa na mwenye nafasi ya kumwangalia. Jina lake Jean. Siku ya kwanza ulinipigia simu ukinong'ona: "Rehema, wallahi nimeletewa Jini nimuogeshe." Nilicheka hadi arbab wangu, yaani bosi wangu pale mgahawani Karama, akanitolea macho. Ukaapa hutalitamka jina lile chini ya paa unalolala. Ukamwita Bibi, na sisi wengine, huku kwenye chumba chetu cha vitanda sita Al Nahda, tukamwita Bibi Mskoti.

Ijumaa zangu za mapumziko nilikuwa nakuja kwa metro hadi kituo cha mwisho, kisha basi, kisha kwa miguu kando ya kuta ndefu za villa ambazo hakuna mtu anayepita isipokuwa sisi na wakata majani. Naingia mlango wa jikoni. Nakukuta wewe na Bibi mmekaa, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu, wewe kwenye ndoo iliyogeuzwa, mnamenya viazi na kusemezana kama mashoga wa miaka mingi. Niliona wivu kidogo. Sasa naweza kusema.

Madam hakupenda mama yake aongee Kiskoti mbele ya watoto. "Mum, sema vizuri," alikuwa akimwambia, na Bibi anafumba mdomo anatazama mikono yake. Nyinyi mkibaki wawili, maneno yanafunguka. Wewe ndiye uliyemsimulia kuhusu kile kibao cha mbao cha shuleni kwetu, tukikiita diski, alichovishwa shingoni mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani siku ya Kiingereza, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Ulimwambia ulivyokivaa wiki nzima kwa kuwa ulikataa kumsaliti mtu. Bibi alicheka, halafu hakucheka tena. Akafungua viganja vyake akakuonyesha pale ulipokuwa ukipita ukanda wa ngozi wa mwalimu wao, kwa kosa lile lile, huko kwao kwenye baridi. Nilikuwa nimesimama karibu na friji na sikujua pa kuweka macho.

Basi ni mikono hiyo iliyotupa neno. Ulikuwa unamvalisha soksi ule mguu wa nyonga mbovu, ukamuuliza kama anaumia, naye akajibu kwamba ataithole. Th yake ni ile ya thelathini, na o unaivuta kidogo. Ukauliza maana. Akafikiri.

"Ni kukibeba kitu kinachouma," alisema, "bila kukiangusha na bila kupiga kelele."

Akatueleza kuwa ni neno la kale sana. Waingereza wenyewe walikuwa nalo zamani, wakaliacha njiani, na watu wa kwao wakabaki nalo. Baba yake alilisema shambani, nyanya yake alilisema akijifungua. Unaweza kuithole baridi, unaweza kuithole njaa, na yuko pia mtu ambaye huwezi kumthole hata ukijaribu. Hapo akatazama mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mkwewe ni mmoja wao. Ulicheka mpaka ukaangusha soksi.

Ukalichukua jikoni hapo hapo, ukalivalisha Kiswahili. Nathola, tunathola, umetholaje leo. Likawa salamu yetu. Nikikupigia, "Vipi dada?" unajibu, "Nathola." Hata Nakato, yule Mganda aliyelala kitanda cha chini yangu, mlinzi wa jengo, akirudi kutoka zamu miguu imemvimba anajitupa kitandani na kusema, "Banange, mimi leo nimethola sana." Tulijivunia neno lile. Lilitufanya tujione watu wenye nguvu, wala si watu wanaoonewa.

Kikohozi chako kilianza na vumbi la kiyoyozi. Ndivyo ulivyosema. Baada ya Ramadhani kikawa cha mafua, kisha cha sabuni ya unga, kisha ukaacha kukitafutia sababu. Ulikunywa tangawizi na asali, ukajipaka mafuta ya habasoda kifuani, ukalalia shuka juu ya shuka kwa sababu ya jasho. Abaya zako zikawa zinaning'inia. Ijumaa moja niliingia chooni kwako nikakuta karatasi yenye damu, nikatoka nayo mkononi. Ukasema ni fizi.

"Dada, hii si fizi."

"Nathola, Rehema. Usinipandishie presha."

Ulikuwa umenizidi miaka minne tu, lakini mama alipofariki ni wewe uliyeacha shule ili mimi nibaki darasani, ni wewe uliyenisuka, ni wewe uliyetangulia Dubai ukanitafutia kazi. Mtu kama huyo akikwambia nyamaza, unanyamaza. Mimi nilinyamaza miezi mitatu na kila siku ya miezi hiyo ilikuwa na uoga wake.

Halafu madam akakwambia viza inakaribia kuisha na lazima uende kupimwa. Damu, na picha ya kifua. Sisi sote tulijua maana yake. Tulikuwa tumewajua wanawake walioingia kwenye kile kipimo asubuhi na hawakurudi chumbani, wakapelekwa hospitali, kutoka hospitali uwanja wa ndege, na muhuri wa kutorudi tena. Masanduku yao tuliwafungia sisi.

Uliniita Karama. Tulikaa kwenye ule mgahawa wa pembeni ya kinyozi, paratha mbele yetu na chai ya karak, na wewe hukugusa kitu. Ukanishika kifundo cha mkono. Mkono wako ulikuwa wa moto.

"Wewe kifua chako kizuri?"

"Kizuri."

"Na sisi sura moja."

Nilikuelewa papo hapo, nikaomba Mungu nisiwe nimekuelewa.

"Dada, hiyo ni jela."

"Jela ni wakikushika. Mara ngapi mwalimu amekuita Mwanaidi? Mara ngapi shangazi mwenyewe ametukosea?"

"Pale si kwa shangazi. Kuna alama za vidole."

"Alama wachukua kwengine, si pale. Nishauliza."

"Nenda hospitali. Nakuomba, dada."

"Nikienda hospitali nimerudi kwetu Msambweni. Nikirudi Msambweni, Salma aacha shule kama nilivyoacha mimi." Ulipotaja jina la mwanao sauti ilikukatika. "Mimi sijakuomba kitu tangu uzaliwe, Rehema. Kitu kimoja. Asubuhi moja."

Na ilikuwa kweli. Hujawahi kuniomba kitu. Ndiyo maana nilikubali.

Jumanne ile nilimdanganya arbab kwamba nang'oa jino. Nilifika Mirdif saa moja asubuhi. Madam na sir walikuwa wametoka, watoto wamepanda basi, Bibi yuko sebuleni na chai yake. Tulijifungia kwenye kile chumba chako kando ya jikoni, tukabadilishana nguo bila kutazamana. Ukanivalisha abaya yako ya kahawia na mtandio wako, ukanifunga barakoa ya karatasi puani. Ukaninong'oneza maelekezo. Basheer, dereva, ana bahasha yenye pasipoti. Kaa kiti cha nyuma. Usiongee.

"Ukiingia garini, kohoa," ulisema. "Basheer ashazoea."

"Na nikifika?"

"Ukifika usikohoe kabisa!"

Tukatazamana, tukacheka, wewe ukicheka na kukohoa huku umejiziba kwa mto. Hicho ndicho kicheko chetu cha mwisho na mara nyingi nimetamani kisiwe kitamu vile.

Garini nilikohoa. Basheer alinitazama kwenye kioo, akatazama barabara. Nikakohoa tena mbele kidogo, nikajiona mwigizaji mbaya. Kila gari la polisi lililopita nililiona limekuja kwangu. Nilirudia kimya kimya tarehe yako ya kuzaliwa. Jina la mama sikuwa na haja ya kulirudia.

Ukumbi wa wanawake ulijaa. Nilikata namba, nikakaa kati ya wasichana wa Kifilipino na mama mmoja wa Kihabeshi aliyekuwa akivuta tasbihi ya vidole. Namba yangu ikaitwa. Mwanamke wa kaunta, shela yake nyeusi imenyooka vizuri, aliashiria nitoe barakoa. Nikatoa. Akaitazama pasipoti, akanitazama, akaitazama tena.

"Jina la mama?"

Nikalitaja.

"Same, same," alisema. "Yalla."

Akaisukuma pasipoti kwangu ikiwa bado wazi, na hapo, dada, ndipo nilipokuona. Ile picha ya miaka minane nyuma. Mashavu yale. Pingili zile mbili za shingo ulizokuwa ukijivunia, ukisema ndizo zilizompata baba Salma. Yule mwanamke hakuwa na shaka hata chembe, kwa sababu mimi nilifanana na wewe wa pasipoti kuliko wewe mwenyewe uliyekuwa umejificha Mirdif. Laiti ungeenda wewe, wangekukataa. Wangesema huyu siye.

Nilitolewa damu. Sikuisikia sindano. Nikapelekwa kwenye korido ya eksirei, nikavaa gauni la hospitali, nikasimama mbele ya lile bamba baridi, kidevu juu, mabega mbele. Mtaalamu alikuwa msichana mpole. "Vuta pumzi," aliniambia. "Ishikilie."

Nikaivuta. Ikaingia yote, ikajaa, ikakaa. Nikajua kwamba wewe huwezi tena kufanya hivyo, hata kwa kuhesabu tatu. Na nikajua kuwa picha ikishapigwa, itakuwa ushahidi wa serikali kwamba Mwanaidi mzima, na hakuna daktari atakayekutafuta tena kwa miaka miwili, na wewe miaka miwili huna. Nikashuka pale. Nikasema nasikia kizunguzungu, nataka hewa. Nilivaa, nikachukua pasipoti, nikatoka mlangoni nikitembea polepole kwa makusudi, mgongo wangu wote ukisubiri kuitwa.

Basheer aliwasha gari bila kuuliza. Tulipofika kwenye taa akasema, kwa ule Kiingereza chake cha vipande, kwamba dada Mwanaidi hukohoa kutoka hapa, akajigusa tumboni, na mimi nimekohoa kutoka hapa, akajigusa kooni. Taa ikageuka kijani.

"Na mimi nina mabinti," akasema. "Mimi sikuona kitu. Khalas." Mpaka leo hajalisema kwa mtu.

Niliingia jikoni. Mlango wa chumba chako ulikuwa umerudishwa, na niliisikia pumzi yako nyuma yake, ikisubiri. Nikaupita. Nikaenda moja kwa moja sebuleni, nikapiga magoti mbele ya kiti cha Bibi, nikamwambia kila kitu kwa Kiingereza changu cha mgahawani.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza tangu lini. Nikamwambia. Akafumba macho.

"Nimemsikia kupitia ukutani," alisema. "Kila asubuhi nimemuuliza, na kila asubuhi amenijibu kwa neno langu. Nikaona haya kuuliza tena."

Halafu akanishika kidevu kama mwalimu aliyemshika mtoto anayetazama dirishani. "Sikiliza. Neno lile ni la mambo yasiyo na dawa. Uzee. Msiba. Mvua ya kwetu. Hili lina dawa. Nilimfundisha nusu, na nusu nyingine nikaila mwenyewe." Akachukua simu akampigia madam, mbele yangu, na nilipogeuka ulikuwa umesimama mlangoni ukiwa umevaa nguo zangu.

Nimejaribu kukusahau ulivyokuwa pale. Siwezi. Hukupiga kelele. Ulisema, "Umeniuza." Kisha ukasema, "Siku moja, Rehema. Siku moja umeshindwa kunitholea."

Madam alikuja, akakupeleka hospitali yeye mwenyewe, akilia njiani kwa hofu ya watoto wake na, nadhani, kwa ajili yako pia. Ilikuwa kifua kikuu. Wengine wote mle ndani walipimwa wakakutwa salama. Nilikuletea begi la nguo hospitalini, na muuguzi akarudi nalo mkononi, ameona haya kuliko mimi. "Amesema hana mdogo," aliniambia. Wiki chache baadaye ukasafirishwa. Sikuambiwa siku wala saa. Nilijua kwa shangazi kwamba umefika Msambweni, unatibiwa, unaanza kula.

Na baada ya hapo nikafanya lile jambo ambalo limekufungia mdomo miaka sita. Madam alitafuta mtu wa kumwangalia mama yake, akaletewa wawili, Bibi akawakataa wote. Alimtaka dada wa Mwanaidi. Nilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili nikakubali, kafeel, yaani mdhamini wa viza yangu, akabadilishwa, nikahama kitanda cha juu Al Nahda nikaingia kwenye chumba chako, na habari zikakufikia kabla sijapata ujasiri wa kukwambia. Ukanitumia ujumbe wa sauti, wa pekee hadi leo. Maneno matatu. "Hongera kwa kazi." Nimebadilisha simu mara mbili na ujumbe huo nimeuhamisha nao.

Sasa nisikilize vizuri, maana sikuandika ili nilie tu. Mimi pia nina hasira nawe. Ulikuwa unawakoholea watoto wa watu ukiwafunga kamba za viatu. Ulikuwa unamlisha kikongwe kwa mkono wako. Ulinituma mimi, uliyenilea, nisimame mbele ya serikali ya watu na jina lisilo langu, na wala hukuniuliza nitalala vipi nikishikwa. Ulikuwa tayari kufa kuliko kurudi nyumbani mikono mitupu, na ukaliita jambo hilo uvumilivu. Tungekuzika, Mwanaidi. Ningekusindikiza kwa sanduku, na Salma angebaki na picha ile ya pasipoti. Salma hakuacha shule. Wajua kwa nini hakuacha, na sitasema zaidi ya hapo.

Hayo yote ni utetezi wangu na nimeyapanga vizuri kwa sababu nimekuwa na miaka ya kuyapanga. Nimekaa kwenye ndoo ile ile, nikimenya viazi vile vile. Bibi alikuwa na kamusi kubwa ya lugha ya kwao, ya baba yake, jalada limefungwa kwa utepe, na mchana watoto wakiwa shule alinisomea. Nilimtaka anisomee neno letu hadi akachoka nami. Alinionyesha jinsi wataalamu walivyolifuata nyuma, kutoka kwa Waskoti hadi kwa Waingereza wa kale, hadi kwa makabila ya kaskazini yaliyosema kitu kama hicho hicho, hadi mizizini kabisa ambako, wanavyokisia, lilikuwa na maana ya kuinua na kubeba mzigo. Kubeba tu. Maumivu yaliingia baadaye. Nilimwambia kwetu tungesema hivyo hivyo, kwamba mtu amebeba mengi. Akaandika maneno hayo pembeni mwa ukurasa kwa penseli.

Lakini kila nikimaliza kujitetea, kesho yake naanza upya. Nikipiga pasi, najitetea. Nikisubiri basi la watoto, najitetea. Nilikuwa nimemuuliza Bibi mara tatu kama nilitenda haki, na mara tatu alinijibu ndiyo, na halikunisaidia kitu. Mara ya nne ilikuwa wiki ambayo mwanawe wa kiume alikuwa anakuja kumchukua, arudi kwao akafie kwao, kama alivyosema mwenyewe bila kupepesa macho. Nilikuwa nakunja sweta zake. Nikamuuliza tena.

"Kuna maana moja sikukusomea," alisema.

Akanieleza kwamba katika mahakama za kwao, tangu zamani, mtu aliyesimama kizimbani, akasomewa shtaka, akasikilizwa, akahukumiwa, husemwa ameithole kesi yake. Ameibeba mpaka mwisho. Na mtu huyo harudishwi tena kizimbani kwa kosa lile lile, na yeyote. Imekwisha.

Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani hakumwambia hata madam. Alipokuwa mtu mzima naye alikuwa mwalimu. Na wale watoto wa wakulima walipokuja darasani na lugha ya mama zao, yeye, aliyechapwa, aliwachapa. Kwa ukanda ule ule wa ngozi. Miaka mingi. Alipostaafu, mmoja wao, mwanamume mwenye mvi, alibisha mlangoni kwake. Hakutaka kuingia. Alisimama kizingitini akamweleza yote, siku, kosa, idadi, jinsi alivyokwenda nyumbani akawa haongei tena na babu yake. Bibi alisimama akasikiliza mpaka mwisho, na alipoulizwa kama ni kweli, alisema ni kweli. Yule mtu akamwambia alichokuwa nacho moyoni, kikali, akampa mkono, akaondoka.

"Yeye hakunisamehe," Bibi aliniambia. "Usikosee hapo. Alinihukumu tu. Na tangu siku hiyo nalala."

Alifariki huko kwao miezi minne baadaye. Madam alinikumbatia jikoni tukalia pamoja. Nikakaa siku kadhaa, kisha nikaomba likizo, na nilipoulizwa ya muda gani nikasema sijui.

Dada, mimi kesi yangu haijawahi kukaa. Wewe umenihukumu bila kunisikiliza, na mimi nimejihukumu bila wewe kuwepo, na hukumu zote mbili hazishiki. Ndiyo maana nakuja. Mwisho wa mwezi huu nitakuwa Msambweni. Sitakuja na watu wa kutusuluhisha, wala shangazi simtaki akae katikati yetu. Nitakuja peke yangu, mchana, nikae mbele yako.

Na kwa kuwa sitaki uniulize maswali uliyoyabahatisha, shtaka lenyewe nakupa hapa, mbele za wote. Tulipokuwa tunarudi Mirdif, baada ya ile taa, kabla hatujafika getini, nilikiona chumba chako. Mlango unaofungwa kwa ndani. Dirisha. Kulala bila kusikia pumzi za wanawake watano. Nilijua nikimwambia Bibi utaondoka, na nilijua kitabaki kitupu. Niliwaza mapafu yako, naapa, niliyawaza kwanza. Lakini chumba nacho nilikiwaza, na nilipoupita mlango wako nilikuwa nimebeba yote mawili, na hadi leo siwezi kukuapia ni lipi lililonisukuma miguu. Uliposema "Hongera kwa kazi" ulikuwa hujui, ulitaka tu kuniumiza. Kumbe ulikuwa umepatia.

Mengine yote nitajitetea. Hilo sina utetezi.

Basi nisubiri, dada. Usihame kwa siku hizo, usijitie msiba wa Ukunda wala harusi ya Vanga. Nisikilize mpaka niishe, kisha uhukumu unavyotaka, hata ikiwa ni kunifukuza mbele ya majirani. Nitaondoka. Lakini iwe kwa mdomo wako, niisikie sauti yako ikisema.

Mdogo wako, wa tumbo moja,
Rehema